Mume Wangu Anakula na Ngao ya Kuchomelea

Wiki iliyopita uliangalia pembeni. Usinibishie. Ulipofika pale rola ilipoushika mkono wa mama mkwe wangu, ukaruka aya nzima, ukakimbilia ukurasa wa michezo kuona nani kafungwa. Nakujua. Nimefanya kazi na watu kama wewe ujana wangu wote.

Nakumbuka bomba la mvuke lilipopasuka, mkaangalia viatu vyenu. Nakumbuka choo cha wanawake kilipogeuzwa stoo ya sabuni, mkaangalia dari, kana kwamba dari ndiyo iliyokihitaji kile choo. Mimi sisahau. Mume wangu husema kichwa changu ni kabati ambalo halijawahi kufagiwa.

Basi nakukumbusha kwa ufupi, na safari hii usiruke kitu.

Mimi ni mkunja shuka katika kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli na hospitali. Wenzangu wananiita Kipaza, kwa sababu sijawahi kuwa na jambo nikalinong'ona. Sheria za kazi nilijifunza mwenyewe, nikisoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa vitu vya dukani, ndiyo maana nyingine nazijua nusu tu. Hiyo nusu inawatosha kunichukia.

Tangu asubuhi ile macho ya watu yalipofunguka, mambo ni haya: ukikutana macho kwa macho na mtu, unasikia anachowaza wakati huohuo, hata picha iliyo kichwani mwake unaiona, na yeye anasikia chako. Huchagui. Ukiangalia pembeni, kimya.

Mngedhani dunia ingenyooka. Mimi nilidhani hivyo. Siku ya kwanza nililia kwa furaha, nikasema sasa mabosi wamekwisha, wataanikwa kama foronya.

Kumbe binadamu! Wiki haijakwisha, miwani myeusi ikawa imekwisha madukani. Walimu wanafundisha wakiutazama ubao. Daktari anakupima huku anaangalia dirisha. Wachumba wanakaa mgongo kwa mgongo, wameshikana mikono kwa nyuma, wanaapiana mapenzi. Mwenye duka anakuuzia sukari amefumba macho, mizani anaipapasa.

Wakunja shuka peke yetu ndio tuliokosa pa kujificha. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Huyu anashika pembe zake, yule zake, mnavuta, mnakunja, kisha mnaendeana mpaka pua zinakaribia kugusana, mmoja anampa mwenzake pembe na kuinama kuuchukua mkunjo. Ukiangalia pembeni, shuka inakwenda mshazari, na iliyokwenda mshazari inafunguliwa upya. Na mwenzangu wa kukunja naye, tangu nilipoolewa, ni mama mkwe.

Fikiria mwenyewe. Kutwa nzima.

Tunaendeana, anawaza: "Chai yake ina ladha ya maji ya kusuuzia." Tunarudi nyuma. Tunaendeana tena: "Sijui mwanangu alimpendea nini, labda alikuwa na homa."

"Mama, nakusikia," nikamwambia siku moja.

"Sasa unadhani namuwazia nani?" akanijibu.

Halafu ikaja ile ajali uliyoiruka. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekwenda ofisi ya kazi kubishana kuhusu kile choo. Mama mkwe akapelekwa mashine ya kunyoosha, ile yenye rola za moto. Mbele ya rola kuna kinga, fimbo ya chuma. Mkono ukiigusa tu, mashine inasimama. Siku ile kinga haikuwepo.

Meneja akasema mama mkwe aliitoa mwenyewe, ili amalize kazi haraka. Mama mkwe akanyamaza. Mama mkwe! Mtu ambaye hata usingizini anagombana!

Ikatangazwa kwamba Ijumaa alasiri kutakuwa na mkutano wa wafanyakazi wote. Akikubali kosa mbele ya watu, kazi hana, na mkono wake ataujua mwenyewe. Mimi nilikuwa na hakika ni Msimamizi wa zamu aliyeitoa ile kinga. Nilikosa shahidi tu.

Na nyumbani, mume wangu, ambaye ni Fundi wa mashine hapohapo kiwandani, akaanza kula chakula amevaa ngao ya kuchomelea. Ile ya chuma, yenye kidirisha cheusi. Anainyanyua kidogo, kijiko kinapita chini, anaishusha.

"Macho yanauma," anasema kutoka humo ndani, sauti kama ya mtu aliye kisimani.

Nikajua ana mwanamke. Nilikuwa nimeshamwandalia huyo mwanamke hata matusi, nimeyapanga vizuri, yanasubiri sura tu.

Wiki iliyopita nilikuacha Ijumaa yenyewe, wakati wa chakula cha mchana, mimi nikiwa juu ya pipa la sabuni, watu wote wamenigeukia na macho yao wameyatia kwenye sahani.

"Ndugu zangu," nilisema juu ya lile pipa, "kwa nini hatumtazami Msimamizi machoni? Kwa sababu na yeye atatutazama! Kila mmoja wetu ana kauchafu kake anakoogopa kaonekane. Basi tukatoe wenyewe, hapahapa, tubaki weupe. Halafu alasiri twende tukamkodolee mpaka aseme!"

"Anza wewe," alisema Mrefu. Huyu ni mpiga pasi, shingo yake peke yake inahitaji kola mbili.

"Naanza. Nimtazame nani?"

"Nitazame mimi," alisema Mama Mvuke, mwanamke wa mashine za kukaushia. "Nataka kujua unaniwazia nini."

Nikamtazama. Nilijitahidi kuwaza jambo zuri. Likaja lililokuja: anaimba vizuri lakini ananuka jasho.

"Ndani ya joto lile wewe ungenuka waridi?" alifoka. Chumba chote kikacheka, na kicheko kile kikawa kama mtu amefungua bomba.

Watu wakaanza kutazamana. Kwanza kwa jicho moja, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Kisha mawili.

"We! Kumbe unabeba sabuni kwenye soksi?"

"Na wewe unalala kwenye mablanketi ya hospitali! Ndiyo maana yanarudishwa yana joto!"

"Mrefu! Lile shati ulilovaa kwenye harusi ya dada yako ni la mgeni wa hoteli?"

"Nililirudisha!"

"Ulilirudisha lina mchuzi! Nililifua mimi mara mbili!"

Mrefu alikuwa anacheka mpaka machozi. Mama Mvuke amemkumbatia mtu aliyemchukia tangu mashine za kwanza zilipofungwa. Sijawahi kuona watu wepesi namna ile. Nilitelemka kwenye pipa kwa raha. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, tumekuwa kitu kimoja.

Usicheke. Nasimulia ninavyokumbuka.

Tukarudi kazini. Mama mkwe hakuwa amekuja kwenye chakula. Nilimkuta mezani kwetu, mkono wenye bandeji ameuweka kifuani, pembe moja ya shuka ameishika kwa mkono mzima, nyingine ameibana kwa kidevu.

"Mama, pumzika. Nitamwita mtu."

"Umwite nani? Wewe vuta."

Tukavuta. Tukaendeana. "Viatu vyake vinapiga kelele kama bata," aliwaza. Tukarudi. Tukaendeana. "Akipika wali unaweza kuujengea ukuta."

Nikaona kitu ambacho nashangaa sikukiona mapema. Yale matusi yalikuwa yanakuja haraka mno, moja linasukuma jingine, kama mtu anayeziba ufa kwa matambara. Na mengine alikuwa anayarudia. Mama mkwe harudii tusi. Ana heshima zake.

Nyuma yetu mtu akaangusha beseni la chuma. Mlio ukamshtua, na wakati huo tulikuwa pua kwa pua.

Matusi yakakatika. Kwa kufumba na kufumbua nikamwona mume wangu. Amechuchumaa mbele ya mashine ya kunyoosha, spana mkononi, anafungua nati za ile kinga.

Shuka ikaniponyoka.

"Mama."

"Okota shuka."

"Mama, nimeona."

"Umeona shuka iko chini. Okota, kunja."

"Ni yeye aliyeitoa?"

Alinitazama moja kwa moja, na safari hii hakuwaza tusi lolote. "Mimi nimekula maisha yangu," alisema kwa mdomo. "Nikifukuzwa nitakaa kwenu niiseme chai yako kutwa. Yeye akifukuzwa kwa jambo la kumuunguza mama yake, nani tena atampa spana? Kunja, mwanangu."

Hajawahi kuniita mwanangu. Nilichukia kuitwa hivyo siku hiyo.

Nilimkuta Fundi karakana, ngao usoni, ameinamia kipande cha bomba.

"Vua."

"Nafanya kazi."

"Mashine yako ya kuchomelea haijawashwa. Unachomelea hewa. Vua!"

Akaivua taratibu. Sikuwa nimeyaona macho ya mume wangu tangu ile ajali. Yalikuwa mekundu. Hakukuwa na mwanamke mle ndani. Matusi yangu yote nikabaki nayo. Nilichosikia ni sauti ya Msimamizi, jinsi Fundi alivyoibeba kichwani: "Toa hiyo kinga, Fundi. Mablanketi yanaigonga, mashine inasimama kila mara, hospitali wanapiga simu. Toa, ni amri." Na nyuma ya sauti hiyo nikasikia makofi.

"Hao wanaopiga makofi ni kina nani?"

"Wote," alisema.

"Wote kina nani?"

"Zamu nzima. Walikuwa wamechoka na kusimama-simama. Kinga ilipotoka, mashine ikakimbia. Mrefu alipiga makofi. Mama Mvuke alicheza na fagio. Walijua watawahi kwenda nyumbani."

"Walimsikia Msimamizi akikuamuru?"

"Alipanda juu ya ngazi akapiga kelele. Nani hakusikia?"

Nilikaa juu ya tairi.

"Fundi, mchana huu watu hawa wote wamenitazama machoni. Mmoja mmoja. Nimeona mpaka mchuzi wa harusi!"

"Ndiyo. Walikuwa wanawaza mchuzi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ukitaka kujua hasira ni nini, ungeniona. Walinimwagia sabuni, soksi, mashati na usingizi wao, vitu vidogo vyenye kuchekesha, wakavipanga mbele kama mwenye duka anavyopanga biskuti, na nyuma yake wakauficha mkono wa mama mkwe. Na aliyewafundisha kufanya hivyo ni nani? Ni mimi, juu ya pipa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alinikataza. Alisema nikifungua mdomo nisimwite mama tena."

"Ukatii. Mtoto mzuri."

"Nilitaka kukuambia kila siku wakati wa kula."

"Umejifungia kwenye chuma kama sardini, unataka kuniambia!"

Akacheka kidogo. Na mimi nikacheka, kisha tukaacha wote kwa pamoja. Jambo lilikuwa wazi. Akisema, atatoka yeye. Asiposema, atatoka mama na mkono usiokunja vidole. Njia nyingine ni moja: mtu asiye wa nyumbani kwetu aseme kwamba amri ilitoka kwa Msimamizi.

"Wapo wengi," nikasema.

"Walikuwepo wengi," akanisahihisha.

Mkutano ulifanyikia ukumbi wa kukaushia, mashine zimezimwa, joto bado limejaa. Meneja alikuja na miwani mikubwa, inayong'aa kiasi kwamba ukimtazama unajiona mwenyewe ukimtazama. Msimamizi alikuwa ameshusha kofia mpaka puani. Akajigonga kwenye nguzo, akaiomba nguzo radhi.

Hakuna aliyecheka. Wenzangu wa mchana, wale weupe, wepesi, walikuwa wameinamisha shingo zote, hata Mrefu.

"Mama, simama," alisema Meneja. "Waeleze wenzako ilivyokuwa."

Mama mkwe akasimama, bandeji yake kifuani. Akakohoa. "Ile kinga," alianza, "mimi ndiye..."

"Mama, kaa chini," ilisema sauti mlangoni. Ni Fundi, uso wazi, ngao ameiacha karakana.

"Nyamaza wewe mtoto, wakubwa wanaongea!"

"Kaa, mama. Niliitoa mimi. Niliamriwa na Msimamizi."

Ukumbi ulitoa mlio kama mvuke unaotoka kwenye vali.

"Mwongo!" alipiga kelele Msimamizi.

"Vua kofia, nitazame, halafu useme tena hivyo," alisema Fundi.

Msimamizi alivua kofia. Nadhani alitaka kuonekana jasiri. Lakini macho ameyafumba, ameyabana mpaka mashavu yamepanda.

"Fumbua."

"Sabuni imeniingia."

"Sabuni gani? Tuko kwenye mkutano!"

"Imeniingia asubuhi!"

Sasa watu walicheka, na mimi nikadhani tumeshinda. Nilisahau kwamba kiwandani kwetu kicheko ndicho kinachokuja kabla ya pigo.

Meneja aliinua mkono. "Nimesikia," alisema kwa upole. "Nimemsikia mama, nimemsikia mtoto wake, na mke wa mtoto wake yuko hapa, hahitaji kusikika, tumeshamsikia miaka yote. Hii ni familia. Nipeni mtu mmoja asiye ndugu yao. Mmoja tu, aliyemsikia Msimamizi akitoa amri hiyo. Nikimpata, Msimamizi anaondoka. Nisipompata kabla ya king'ora cha kubadili zamu, wanaondoka wote watatu kwa kutunga uongo."

Watatu! Nilikuja kumwokoa mmoja, sasa tunatoka nyumba nzima.

"Semeni!" nilipiga kelele. "Mlikuwepo!"

Hakuna shingo iliyonyanyuka. Nikaenda mbele ya Mama Mvuke. Ameangalia sakafu. Nikapiga magoti kwenye sakafu hiyohiyo, nikamtazama kutoka chini, kama mtu anayetafuta pete iliyoingia chini ya kabati. Nikamkamata. Alikuwa anawaza sabuni. Aliwaza sabuni kwa nguvu zote, sabuni, sabuni, mpaka mimi nikaona povu, na katikati ya povu fagio, na miguu yake inacheza.

"Unakumbuka," nikamwambia.

Akafumba macho.

Nikatambaa kwa magoti mpaka kwa Mrefu. Huyu alikuwa anajiimbia hesabu za kuzidisha, na anazikosea.

"Mrefu, ulipiga makofi."

"Sikujua ataungua mtu," alininong'oneza. "Nilitaka tu kuwahi nyumbani."

"Basi simama useme hivyo hivyo. Maneno hayohayo. Ni mazuri."

"Na Msimamizi akibaki? Kesho atanifanya nini?"

"Akibaki ni kwa sababu umekaa!"

"Kipaza," alisema Meneja, "ondoka kwenye sakafu. Unajiaibisha."

Sikuondoka. Kwa pale chini nilikuwa naona viatu vyao wote, vimepangana, na kati ya viatu naona vya mama mkwe, kamba moja imefunguka, kwa sababu mkono mmoja haufungi kamba. Zamu nzima imepita karibu naye tangu asubuhi. Hakuna aliyeinama kumfungia. Mimi pia sikuinama, nilikuwa nahutubia.

Nikamfungia. Fundo likawa baya.

"Hata kamba hajui kufunga," alisema mama mkwe juu ya kichwa changu, lakini mkono wake mzima aliuweka begani kwangu, akaegemea.

Hapo ndipo nyuma kabisa benchi lilipolia.

Benchi la ukumbi ule hulia mtu anapokaa vibaya, na hulia mtu anaposimama. Kutoka chini niliona viatu vya kazi vimesogea, kisigino kimenyanyuka. Meneja akageuza miwani upande huo. Msimamizi, macho yake bado ameyabana, akauliza, "Nani? Nani huyo?" King'ora kikaanza kulia.

Sasa unataka nikuambie ni nani. Najua. Unataka uambiwe kwamba alikuwepo mmoja, alisimama, alisema, ili ukunje gazeti ukiwa na moyo mwepesi na kumsifu shujaa wa watu wengine.

Sikuambii. Pale unapofanya kazi kuna kinga iliyotolewa. Inaweza kuwa ya rola, ya msumeno, ya kisu cha kukatia karatasi, inaweza kuwa mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo. Ulikuwepo ilipotolewa. Unamjua aliyeamuru, na yupo mtu anayeshika pale kinga ilipokuwa, leo hii, kwa mikono yake.

Weka gazeti chini. Nenda kwa mtu huyo umwambie aondoe mikono. Kisha simama mbele ya zamu yako, mtaje aliyeamuru, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nyuma. Kabla ya king'ora chenu. Inuka.